Uliza Mjomba: Hao watu wa baharini wanaishije?

Toleo lililopita mtoto wa darasa la sita kutoka Kondoa aliniuliza kama kuna binadamu wanaoishi baharini moja kwa moja, nikamjibu mistari mitatu tu kwamba wapo, wenyewe wanajiita Wasama, wengine wanawaita Wabajau, na wako Ufilipino, Malaysia na Indonesia. Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki, simu imejaa meseji toka Manyoni mpaka Mpwapwa, yaani huku kwetu ambako maji ya bomba yenyewe yanakuja kwa ratiba watu wanataka habari za bahari tu. Basi leo ukurasa wote ni wa hao jamaa. Yule wa mbegu za alizeti na yule mwenye ugomvi na mwenye nyumba wake mnisamehe, mtapata nafasi mwezi ujao.

Mjomba shikamoo. Mi ni nesi kwenye zahanati moja wilaya ya Bahi. Sisi tukimpapasa mtoto tumboni tukakuta bandama imevimba mawazo yanaenda kwenye malaria moja kwa moja. Sasa kuna klipu inazunguka inasema hao Wabajau wana bandama kubwa kuliko watu wote ndo maana wanazama muda mrefu. Ni kweli au ni zile stori za kutafuta laiki?
Nesi wa Bahi

Marahaba mwanangu. Safari hii klipu imesema kweli kwa sehemu kubwa, ila imeacha utamu wote nje.

Mwaka 2018 kulitoka utafiti kwenye jarida la Cell, ukiongozwa na Melissa Ilardo, ambaye alikwenda kijiji cha Jaya Bakti huko Sulawesi, Indonesia, na mashine ya ultrasaundi ya kubeba mkononi akawapima Wabajau bandama. Afu akaenda kwa majirani zao Wasaluan, ambao ni wakulima wa nchi kavu wala hawana habari na kuzamia, akawapima na hao. Bandama za Wabajau zilikuwa kubwa zaidi kwa karibu asilimia 50. Na hapa ndo penyewe, hata Wabajau ambao hawazamii, wale wa kuuza duka na kufundisha shule, nao walikuwa nazo kubwa. Ingekuwa ni mazoezi tu wasingekuwa nazo, maana yake ni kitu cha kurithi, na kwenye vinasaba vyao wakakuta aina fulani ya jeni inayoitwa PDE10A ambayo inahusika na homoni za tezi ya shingo.

Sasa bandama inasaidia nini chini ya maji? Wewe nesi utanielewa haraka. Ukibana pumzi na uso ukaingia kwenye maji, moyo unapunguza mwendo, mishipa ya mikono na miguu inajibana, na bandama inajikamua kama sponji, inamwaga kwenye mzunguko seli nyekundu zilizobeba oksijeni. Bandama kubwa, akiba kubwa. Sili, yule mnyama wa bahari za baridi, naye ana bandama kubwa kwa shughuli hiyohiyo. Kwa hiyo bandama yao haijavimba kwa maradhi kama hizo mnazopapasa hapo zahanati, hiyo ni stoo tu imejengwa kubwa toka kiwandani.

Na wanaitumia kweli. Watafiti wameandika kuwa mzamiaji wa Kibajau anaweza kutumia mpaka asilimia 60 ya muda wake wa kazi akiwa chini ya maji, na wapo wanaofika mita 70 kwa pumzi moja, miwani ya mbao waliyochonga wenyewe wakatia kioo, na mawe au vyuma kiunoni vya kuwavuta chini. Mita 70, piga hesabu ya ghorofa ishirini na ushei, afu ushuke nayo kichwa chini na mkuki mkononi.

Lakini mwanangu usiwaonee wivu sana. Ngoma za masikio wengine zinapasuka toka utotoni, wazee wengi masikio ni mazito, ukiongea nao unapiga kelele. Na siku hizi kuna balaa la kompresa, hii hii ya kujazia upepo matairi pale gereji, wanaiweka kwenye boti inapuliza hewa kwenye mpira, mtu anaung'ata mdomoni anashuka nao chini anakaa muda mrefu halafu anapanda juu kwa haraka. Naitrojeni inafanya mapovu kwenye damu. Wengine wamepooza miguu, wengine hawakurudi. Bandama haisaidii kitu hapo.

Mambo vipi mjomba, mi niko chuo hapa Dodoma. Kuna jamaa hosteli anabisha eti hao watu ni ndugu wa watu wa Madagaska na ndo waliotuletea ngalawa. Tumewekeana soda.
Mdau wa Ng'ong'ona

Poa kabisa. Soda mgawane, kila mtu nusu.

Wamalagasi, yaani hao watu wa Madagaska, lugha yao asili yake ni Borneo, kile kisiwa kikubwa cha Asia, lugha iliyo karibu nayo kuliko zote ni ya Wamaanyan wa bonde la mto Barito, kusini mashariki mwa Borneo. Hilo halina ubishi kwa wataalamu. Sasa mtaalamu wa lugha Robert Blust akaja kuonyesha kuwa lugha ya Wasama, inaitwa Sinama, nayo ina alama za kutoka eneo hilohilo la Barito, kabla hawajasambaa kaskazini kuelekea visiwa vya Sulu, Ufilipino. Kwa hiyo undugu wa mbali wa lugha upo. Tatu kwa Sinama ni tellu, kwa Kimalagasi ni telo. Wengine walipanda chombo wakaja huku kwetu Bahari ya Hindi, wengine wakabaki na bahari za kwao.

Ngalawa sasa. Mtumbwi wenye mirengu pande mbili asili yake ni hao watu wa visiwa vya huko mashariki kwa ujumla wao, familia yote ya lugha za Kiaustronesia, na ndio wanaotajwa kutuletea huo ufundi. Huwezi kusema ni Wabajau wenyewe. Hapo jamaa yako kazidisha. Nimefundisha jiografia Pangani miaka minne nikapanda ngalawa mpaka nikaogopa, siku nilipoona picha ya vinta, mashua yao yenye tanga la rangirangi na mirengu huku na huku, nilihisi naiona ya kule Pangani imevaa kanga ya sikukuu. Ila ile wanayolala humo, lepa, haina mirengu, ni mashua ya mbao ya tumbo pana yenye kibanda juu, jiko la udongo humo, mikeka, vyungu, babu, mama, watoto na kuku. Pale Semporna, jimbo la Sabah, Malaysia, toka 1994, kwa kawaida mwezi wa Aprili, kuna mashindano ya lepa zilizopambwa kwa vitambaa, inaitwa Regatta Lepa.

Na kuna undugu mwingine ambao hamkuwekeana soda. Huu mwani unaolimwa Paje na Jambiani, mbegu zake zililetwa kutoka Ufilipino mwaka 1989. Na huko Ufilipino moja ya sehemu zinazoongoza kwa mwani ni Tawi-Tawi, kwa Wasama. Kamba imefungwa kwenye vijiti, mama kainama maji ya magoti, ukionyeshwa picha bila maandishi utasema ni Paje.

Eti watoto wao wanaona chini ya maji kama samaki?
Bodaboda, Nkuhungu

Hao ni watu wengine kaka, Wamoken, wa Thailand na Myanmar. Anna Gislén wa Sweden ndo aliwapima, utafiti ukatoka 2003, watoto wao wanaona chini ya maji mara mbili ya watoto wa Ulaya. Afu akawafundisha watoto wa Sweden nao wakaweza, kumbe ni mazoezi ya kubana mboni. Watu mtandaoni wanachanganya makabila haya kila siku.

Mjomba habari za kazi. Naomba kujua wanakula nini maana bahari haioti mtama, na pia wale wanawake niliona picha wamejipaka unga mweupe usoni, ni mambo ya uganga?
Mama Zabibu, Hombolo

Nzuri mama, na wewe pole na zabibu. Nianze na unga, maana wengi mmeuliza kwa woga woga.

Sio uganga. Unaitwa burak, wengine wanasema borak, mchele unarowekwa unasagwa, unachanganywa na manjano na viungo vingine, mtu anajipaka uso mzima kabla ya kwenda kwenye maji kwa sababu jua la baharini linapiga mara mbili, toka juu na toka kwenye maji. Ni liwa hiyo mama, ndugu yake liwa ya wanawake wa pwani yetu, na hata urembo umo humohumo.

Chakula: samaki, kaa, pweza, chaza. Wanga wao mkubwa sasa, hutaamini, ni muhogo. Wanaukuna, wanaukamua maji mpaka unakauka, wanaupika kwa mvuke unakuwa kama keki ngumu kidogo, jina lake putu, unamegwa unaliwa na samaki. Mtu wa makopa hawezi kuishangaa hiyo. Kuna na kitu kinaitwa tehe-tehe, hiki kimenishinda hata kukifikiria: yule mdudu wa bahari wa mviringo mwenye miiba kama nungunungu, wanamkwangua miiba, wanatoa vya ndani wanavyovitoa, wanamjaza mchele wanamchemsha, mchele unaiva ndani yake ukiwa na ladha yake. Wanasema ni mtamu. Mi nitabaki na mlenda wangu.

Muhogo wenyewe hawaulimi baharini bila shaka. Toka zamani wanabadilishana na watu wa nchi kavu, samaki wanakwenda, muhogo na maji ya kunywa yanakuja. Na biashara yao kubwa ya kale ilikuwa majongoo bahari, waliyatoa chini wakayakausha, yakapita kwa masultani wa Sulu na wafanyabiashara wa Makassar mpaka China, wengine walifika hadi kaskazini mwa Australia kuyatafuta. Mchina na jongoo bahari hawajaanza jana.

Kijana wangu, nimekusoma toleo lililopita. Sisi wafugaji tunahama lakini tuna kwetu. Mtu anayezaliwa kwenye mashua afie kwenye mashua, huyo ana kwao kweli? Si ni kama watu waliolaaniwa?
Mzee wa Kongwa

Shikamoo mzee wangu. Ngoja nikubishie kwa heshima.

Hata wao wana hadithi inayofanana na hiyo yako. Wanasimulia kuwa zamani walikuwa watu wa Johor, huko Malaysia, binti wa mfalme akapotea baharini, mfalme akawatuma wakamtafute na wasirudi bila yeye. Hawakumpata. Basi mpaka leo wako majini. Ni hadithi nzuri ya kusimuliwa usiku, ila wenyewe kuishi kwao sio kupotea hata kidogo mzee. Mwaka 1521 Antonio Pigafetta, yule mwandishi wa msafara wa Magellan wa kuzunguka dunia, alipita maeneo ya Mindanao, kusini mwa Ufilipino, akaandika habari za watu ambao makazi yao ni mashua tu. Miaka mia tano hiyo. Mtu aliyepotea anakaa njiani miaka mia tano?

Wewe unajua malisho ya masika yako wapi na ya kiangazi yako wapi, unajua kisima gani kinakauka Septemba. Ye anajua mwamba gani una samaki mwezi ukiwa mchanga, mkondo unageuka saa ngapi, pepo za msimu zikibadilika ajifiche nyuma ya kisiwa gani. Familia zinazotembea pamoja zina maegesho yao, zinarudi palepale kwa ndugu walewale, harusi zinafungwa hapo, ugomvi unasuluhishwa hapo na mkubwa wao. Kwao ni hapo. Wenyewe wanajiita Sama Dilaut, Wasama wa baharini, hilo jina sio la mtu aliyelaaniwa mzee.

Na si wote wako majini. Kwa jumla ni zaidi ya watu milioni moja, na walio wengi sasa wako kwenye nyumba za nguzo juu ya maji au visiwani kabisa, wachache sana ndo wanalala kwenye mashua mwaka mzima. Na hii utaipenda: kule Kota Belud, Sabah, kuna Wabajau ambao ni wapanda farasi, wanalima mpunga na kufuga, siku ya gulio kubwa wanavaa mavazi ya nakshi na farasi naye anavalishwa njuga. Ukienda huko mtaelewana ndani ya nusu saa, mtaongea bei ya ng'ombe.

Kaka mkubwa, mi mvuvi niko Mtera, kwetu ni mbali huko ziwani. Tunaishi kambi, maji yakisogea na sisi tunasogea. Kila likitokea jambo tunaambiwa nyie si wa hapa. Hao Wabajau wanafanyaje kwa mambo ya vitambulisho maana wao wanavuka mpaka nchi na nchi?
Mvuvi wa kambi, Mtera

Ndugu yangu, swali lako nimeliweka mwisho mwisho makusudi kwa sababu meseji arobaini zimeuliza bandama na moja tu, yako, imeuliza karatasi. Na mi naona karatasi ndo jambo lenyewe.

Hebu tazama ramani. Kutoka Sitangkai, Ufilipino, mpaka Semporna, Malaysia, ni mwendo wa saa chache kwa boti. Kwa Msama ni bahari moja, shangazi yuko huku, baba mdogo yuko kule. Mwaka 1885 Uhispania, Uingereza na Ujerumani wakaweka saini Mkataba wa Madrid, Sulu ikabaki upande wa Mhispania na Borneo ya kaskazini upande wa Mwingereza. 1885 ndugu yangu, mwaka uleule mkutano wa Berlin ulipomalizika, wale wale wenye kalamu. Sisi walitugawa kwa mito na milima, wale waligawiwa maji.

Mwanzoni mpaka haukuwasumbua sana. Afu miaka ya 1970 vita ikawaka kusini mwa Ufilipino, mji wa Jolo uliteketea Februari 1974, watu wakakimbilia Sabah kwa maelfu, na Wasama humohumo. Wengine walipata nyaraka, wengine hawakupata. Na wapo ambao mababu zao walikuwa wanaegesha hapo Semporna kabla hakujawa na kitu kinaitwa Malaysia, lakini hawana karatasi ya kuonyesha, mashua haina daftari la wakazi. Mtoto akazaliwa bila cheti kwa sababu mama hana kitambulisho, huyo mtoto akikua naye anazaa asiye na cheti. Hakuna nchi inayosema huyu ni wangu. Shule ya serikali hapati, wanabahatisha shule ndogo za watu wa kujitolea. Hospitali analipa bei ya mgeni. Mtalii anakuja na kamera ya laki kadhaa anampiga picha mtoto kwenye mtumbwi, picha inazunguka dunia nzima, na mtoto mwenyewe hawezi kuvuka kizuizi cha polisi akaenda mji wa pili.

Juni 2024 pale kwenye hifadhi ya bahari ya Tun Sakaran, Semporna, nyumba zao zilibomolewa na nyingine zikachomwa moto. Wanaharakati walisema watu zaidi ya 500 walibaki bila makazi. Mamlaka zikasema zilijengwa bila kibali ndani ya hifadhi, na kuna suala la usalama, kweli bahari ile imewahi kuwa na watekaji nyara na maharamia. Sawa. Ila huyo asiye na kitambulisho angeombea wapi kibali? Hapo ndo nabaki nimekuna kichwa.

Nisiwapake mafuta pia, wapo waliovua kwa mabomu na sumu wakaua matumbawe, kama baruti ilivyotutesa na sisi huku pwani. Indonesia hali ina nafuu, wengi wana uraia, wamejengewa vijiji au wamejijengea, kama pale Sampela kwenye visiwa vya Wakatobi, nyumba zimesimama juu ya maji na mtoto anakwenda shule kwa mtumbwi. Wengine wanalalamika kuwa kupangwa kijijini kumewanyima bahari yao, na hapo kila familia ina jibu lake.

Mfano wa karibu tunao lakini. Wavuvi wa Pemba, wale wa Kojani hasa, toka enzi wanakwenda dago, wanafuata samaki na upepo miezi wanarudi. Wengine walibaki upande wa Kenya, Kilifi na Kwale, wakaoa wakazaa, na wakakaa vizazi bila kitambulisho cha Kenya, hata leseni ya uvuvi hawakuweza kuikata kwa jina lao. Mwaka 2023 serikali ya Kenya ikawatambua rasmi. Kwa hiyo inawezekana, ilichukua kalamu tu, kama ile ya Madrid.

Wewe wa Mtera una nchi, hilo kwanza. Namba yako ya NIDA iandike pembeni usiishie kuiweka kwenye simu maana simu na maji havijawahi kuelewana, watoto wanaozaliwa hapo kambini wapate vyeti mapema, na barua ya mwenyekiti wa kijiji itunze kwenye nailoni.

Mjomba shikamoo, ni mimi yule wa Kondoa. Nina maswali mawili. Wakifa wanazikwa wapi? Na choo wanaendaje?
Darasa la sita

Marahaba mwanangu, wewe ndo umeniletea kazi yote hii.

Wanazikwa nchi kavu. Walio wengi ni Waislamu, maiti inaoshwa inavalishwa sanda, na hata zamani kabla ya hapo walikuwa na visiwa vyao maalumu vya makaburi, mashua zinaongozana mpaka huko. Juu ya kaburi wanasimamisha kigingi cha mbao kilichochongwa kwa nakshi, kinaitwa sunduk. Mtu kaishi maisha yake yote majini, ardhi anakuja kuihitaji siku hiyo.

Choo ni tundu kwenye sakafu ya mbao, chini ni bahari, maji yakijaa na kupwa yanaondoa. Usijaribu kwenu Kondoa.